Aliyekula Ngazi ya Malaika

Jumatatu, 18 Desemba

Pango la Noeli limekamilika uani, hori la Mtoto Yesu katikati! Matawi mabichi juu, maua ya mnazi yananukia hadi barabarani, matikiti chini, mananasi, zabibu zinaning'inia. Na chipa za Deolinda, mikate yetu ya muhogo na jibini, kila mmoja na umbo lake: ndege, mamba, ngazi ya kupandia malaika, nyota. Nyota ni ya Arami. Mke wangu amekanda tangu asubuhi kwa vidole vyake vilivyovimba, na kila nilipomwambia apumzike aliniambia nichochee moto.

Arami ni mjukuu wetu. Ana miezi saba na tumemwona kwenye simu tu. Binti yetu Mirtha anamleta Jumapili kwa basi kutoka Buenos Aires. Deolinda anataka jambo moja tu duniani: mtoto alione pango likiwa zima, nyota yake juu, kama yeye alivyooneshwa na mama yake. Nimemwahidi. Nimeapa kabisa, mkono juu ya tikiti.

Jirani Rufino amechungulia juu ya ukuta. Pango lake lina taa za kuwaka na kuzima, na matunda ya plastiki. Amesema langu si baya, ila la kwake halialiki nzi. Sikumjibu. (Nilimjibu baadaye, jikoni, peke yangu.)

Jumanne, 19 Desemba

Ngazi ya malaika imeliwa! Kimebaki kipandio kimoja. Tikiti limetobolewa na kukombwa ndani, safi kama bakuli lililooshwa. Deolinda amekiokota kipandio, akakipangusa mchanga, akakirudisha mahali pake. Hilo limeniuma kuliko kelele.

Mshukiwa: Rufino. Nilimpelekea tereré, chai yetu baridi yenye barafu tele, tukanywa kwa zamu, nikawa nayakagua masharubu yake kutafuta chembe za jibini. Hakuna. Akaniuliza mbona namkodolea macho kama mchumba. Ikabidi nimweleze msiba, si tuhuma. Akaja, akainama, akanionesha alama mchangani, vijikono kama vya mtoto mchanga. Akasema ni mykure.

Mykure! Uso wa panya, mwili wa paka, mkia mtupu, harufu ya soksi za marehemu. Nyumbani kwangu!

Deolinda ameniuliza kwa upole yako wapi yale magae ya vigae yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Nikamkumbusha kwamba niliyaondoa yote mwezi uliopita, ili wageni wakute ua safi. Akasema, "Basi ndiyo hiyo. Umembomolea nyumba, kahamia kwako."

Sioni uhusiano.

Alhamisi, 21 Desemba

Mpango wa kwanza: redio. Mnyama wa porini huogopa sauti ya binadamu, kila mtu anajua. Jana jioni niliiweka nyuma ya hori, nikafungulia mpira kwa sauti ya juu, nikakaa kwenye kiti na ufagio mapajani. Hakuna aliyesogea. Rufino alisogea, kuuliza matokeo.

Mpira ukaisha, zikaanza polka za zamani. Deolinda akatoka jikoni akifuta mikono. Akasema hii ndiyo waliyopiga siku ya harusi ya dada yake, siku niliyomkanyaga. Nikasema sikumkanyaga, yeye ndiye aliyeweka mguu. Akaninyooshea mkono. Kwa magoti yale! Tulizunguka ua, polepole, kichwa chake kifuani pangu, nywele zikinukia moshi na jibini. Sijui tulizunguka mara ngapi. Nilikuwa na furaha, naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Tuliporudi kwenye kiti, zabibu zote zilikuwa zimekwenda. Na ndege.

Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Wangu ananenepa kwa muziki.

Ijumaa, 22 Desemba

Mpango wa pili: mbwa. Nimemeza kiburi changu, nimeazima mbwa wa Rufino, Jenerali. Rufino amemsifu mno. Eti aliwahi kumkimbiza ng'ombe hadi kituo cha polisi. Alimkabidhi kwangu kama anayeoza binti, akasema, "Eulogio, usimpe jina la utani, ana hadhi yake."

Nilimfunga Jenerali kwa kamba ndefu mbele ya pango, nikaingia kunywa supu. Nikatoka. Mykure hakuja kabisa! Ushindi! Kisha nikaona mamba hayupo. Jenerali alikuwa amelala chali, tumbo juu, mkia wa mamba umetokeza mdomoni.

Nimemrudisha. Nimemwambia Rufino mbwa amefanya kazi nzuri. Rufino akamnusa mdomo, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kati ya chipa imebaki nyota tu. Deolinda hajalalamika. Ila nimemkuta anafungua na kufunga vidole vyake kwenye maji ya moto, akiitazama.

Jumamosi, 23 Desemba

Mpango wa tatu, na wa mwisho: mtego. Kreti ya bia imepinduliwa, kijiti, kamba, nanasi lililoiva. Niliutega jana usiku, nimeufikiria peke yangu bila msaada wa mtu.

Asubuhi kreti imeanguka. Nikanyanyua.

Alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, macho wazi. Amekufa. Nilimgusa kwa ufagio, kisha kwa kidole. Mlegevu kama kitambaa. Nilitaka kumwita Rufino aje ashuhudie ushindi. Halafu nikaona tumbo linacheza. Ana mfuko pale, na ndani ya mfuko kuna vitu vinasogea. Vitoto! Nikahesabu mikia, nikashindwa kuendelea.

Nimeua mama wa watu kwa ajili ya nanasi.

Deolinda alinikuta nimekaa mchangani. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alileta boksi la viatu vyangu vya kanisani na taulo kuukuu. Tukamlaza. Nikasema vitoto nitavinywesha maziwa kwa dawa ya macho, yaani kwa kile kichupa chake cha kudondoshea, hata kwa mwaka mzima. Nilikuwa nalia, ndiyo. Rufino akachungulia ukutani, akavua kofia, akasema pole na msiba, jirani, na safari hii sikusikia dhihaka ndani yake.

Tuliingia ndani kupasha maziwa. Tukatoka. Boksi tupu!

Alikuwa anajifanya! Kalala pale akisikiliza kilio changu chote, na rambirambi za Rufino! Nikapiga mguu chini, nikamwita mwongo, tapeli, mwanasiasa. (Moyo wangu ulikuwa mwepesi kama pamba. Hilo ni siri.)

Kisha nikatazama juu ya pango. Nyota imekwenda naye.

Deolinda akakaa kwenye kiti changu. Akasema vidole vyake havikandi tena, vimekataa, na kesho mtoto anafika. Aliyasema hayo akitazama mikono yake, si mimi. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo.

Nikaenda jikoni. Nikamwaga unga wa muhogo, jibini, mayai, mafuta ya nguruwe. Sijawahi kukanda chipa maishani, nilifikiri ni kazi ya kuchanganya tu. Unga ukanishika hadi viwikoni. Nikasikia nyuma yangu kiti kinavutwa. Akaweka mikono yake juu ya yangu, hakukanda, alinielekeza tu: bonyeza hapa, sukuma, polepole mzee, humwadhibu mtu. Tukaoka. Imetoka na ncha saba, mbili zimekatika. Akasema inafanana na kaa aliyepata ajali. Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 24 Desemba

Basi lilichelewa. Mirtha kashuka amechoka, mtoto kifuani, mizigo mabegani. Deolinda alimpokea Arami, akamnusa shingo, akafumba macho. Akakaa hivyo hivyo. Watu wa kituoni walitupita kama maji yanavyopita jiwe.

Tulifika nyumbani jua linazama. Nilitangulia kukagua, ufagio mkononi. Nikapigwa na butwaa: zabibu! Ndege! Tikiti jipya! Nikagusa. Plastiki. Rufino alikuwa ukutani, anajifanya kurekebisha taa zake. Akasema zimemzidi tu, hakuwa na pa kuziweka. Nikasema asante. Ilitoka kwa shida, kama mwiba.

Deolinda akaja na Arami mikononi, Mirtha nyuma yake. Akaanza kumwonesha, huyu ni punda, huyu ni mchungaji, pale juu kuna nyota yako, ameitengeneza babu. Hakukuwa na nyota. Akafunua tawi la mbele.

Alikuwa amelala ndani ya hori, kwenye majani makavu, mahali pa Mtoto Yesu. Mykure wangu. Vitoto vimetoka mfukoni, vimemng'ang'ania mgongoni, macho kama mbegu za papai. Mkononi ameshika kipande cha nyota. Ncha ya mwisho. Alitutazama, akaendelea kutafuna, bila haya.

Nikainua ufagio. Nilikuwa nimeapa!

Arami akacheka.

Si tabasamu, kicheko. Kutoka tumboni, miguu ikirusha mateke, mkono umenyooshwa. Mirtha akajiziba mdomo. Akasema hajawahi kumsikia akicheka hivyo, kule chumbani kwao mtoto hutazama ukuta tu. Deolinda analia na kucheka pamoja. Akanigeukia.

"Weka ufagio chini, mzee. Leo hafukuzwi mwenye mtoto mgongoni."

Nikauweka chini. Kwa leo tu, nikasema, kwa heshima ya sikukuu. Mtoto Yesu tulimlaza pembeni, karibu na punda. Deolinda amesema hatajali, ameshazoea kukosa nafasi.

Jumamosi, 6 Januari

Leo ni sikukuu ya Wafalme Watatu, tumevunja pango. Watoto wa mtaa walikuja na mifuko yao kugawana matunda kama kila mwaka. Wamegawana mananasi, na mmoja aling'ata zabibu ya Rufino nikajifanya sioni.

Mirtha na Arami waliondoka jana. Nyumba ina mwangwi. Deolinda amekunja blanketi dogo, akalikunjua, akalikunja tena. Mirtha ameahidi Desemba watarudi. Mtoto atakuwa anatembea, atakimbia mwenyewe hadi pangoni.

Kwa hiyo sasa vita ya kweli inaanza. Nimejifunza kosa langu: mitego ya awali ilikuwa midogo. Huu mpya ni wa kisayansi. Nimerudisha magae ya vigae nyuma ya nyumba, kila kipande, mgongo wangu unajua. Ndani nimetandika majani makavu ili asishtuke, na taulo kuukuu. Mbele nimeweka nanasi, na chipa niliyokanda mwenyewe. Ameshaingia! Nimeona mkia.

Deolinda alikuja kutazama. Akaniuliza mlango wa mtego uko wapi. Nikamwambia mlango ni hatua ya mwisho, kwanza adui azoee. Mtego mzuri hauna haraka. Akaniuliza ni lini basi nitautia. Nikasema baada ya Desemba. Akanibusu kipara, akaenda kuchemsha maji.

Haelewi mkakati. Nimemwona Rufino asubuhi akikata matunda nyuma ya nyumba yake, matunda ya kweli, akiyapanga karibu na ukuta wetu, na Jenerali amefungwa mbali. Anafikiri sijui anachotaka. Nisipomshika huyu mnyama hapa kwangu, atahamia kule, na Arami akirudi atakwenda kuchekea kwa Rufino.

Haiwezekani. Kesho naongeza nanasi.