Nyumba Hii Imekataa

Farzin Golriz hakumjua marehemu. Aliingia matangani kwa ajili ya wali wa zafarani, na kwa kuwa aliinamisha kichwa kwa huzuni kuliko hata wana wa marehemu, walimkalisha karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo nyama hupita kwanza. Wenye huzuni hawakosi thawabu.

Wazee wa mtaa ule wa Isfahan walikuwa wakizungumzia posho ya wote. Kila mwezi serikali ilimwekea kila raia fedha ileile benki, tajiri kwa maskini, kichanga kwa ajuza, bila kumuuliza mtu swali. Majira yale ya kuchipua ilikuwa imeomba jambo moja tu, tena kwa upole: mwenye uwezo ajiondoe kwa hiari.

"Mimi nilijiondoa siku ya kwanza," alisema Haj Fathollah, ambaye duka lake liliuza gazi, ile halua nyeupe ya Isfahan inayolazwa kwenye unga isigandane. "Nilimwambia mke wangu, fedha hii ni ya wanyonge."

"Mimi nilijiondoa hata kabla hawajaomba," alisema Mhandisi Ardalan, aliyeitwa mhandisi kwa sababu suruali yake ilipigwa pasi.

Ting! ikalia simu mfukoni mwa Haji. Ting! ikajibu ya Mhandisi. Kisha ukumbi mzima ukalia ting, ting, ting, kama kundi la mbuzi wenye kengele likiteremka mlimani. Ilikuwa siku ya posho, na benki haijui adabu za msibani. Wazee wakakohoa. Mmoja akaanza kumlilia marehemu upya.

Farzin aliacha kutafuna. Watu hawa, aliwaza, wanataka kula posho, na wanataka sifa ya kutokuila. Posho wanayo tayari. Kilichobaki ni kuwauzia sifa.

Kule Tehran husema kwamba kumtapeli Mwisfahani ni sawa na kumuuzia kinyozi ndevu. Farzin alikuwa mtu wa Tehran na methali hiyo aliijua, lakini shida haisomi methali. Tangu utoto alilishwa na kaka yake mkubwa, na kila noti ya kaka ilikuja imefungashwa na mahubiri: umeamka saa ngapi, unamaliza lini chuo, viatu hivyo vya nini. Farzin aliapa kwamba safari hii atarudi Tehran na fedha zake mwenyewe, fedha zinazonyamaza.

Alipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Touran, kisha akaenda soko la mafundi wa shaba akaagiza vibao vyenye maua pembeni na maneno matatu katikati: NYUMBA HII IMEKATAA. Cha kwanza alikipeleka dukani kwa Haji.

"Haj Agha, nikufie! Jumuiya ya Waliokataa imesikia habari zako."

Haji alirudi nyuma hatua moja. "Habari zipi?"

"Za ukarimu wako. Kwani hukujiondoa siku ya kwanza? Au wamekusingizia?"

"La, la. Hawajanisingizia."

"Basi hiki ni chako, ukibandike mlangoni. Jumuiya yetu haichungulii vitabu vya benki. Kumpekua mtu wa heshima ni utovu wa adabu."

Haji alikipapasa kibao kama anayepapasa shavu la mjukuu. "Kiasi gani?"

"Astaghfirullah! Si kitu mbele yako."

"Haiwezekani. Sema."

"Si kitu, wallahi."

"Kwa roho ya baba yako, sema!"

Hiyo ndiyo desturi, na dunia nzima ingeifuata kusingekuwa na vita: mwenye mali husema si kitu, mwenye kupewa hukataa kuchukua bure, na wote wawili huona haya mpaka bei ipatikane. Farzin alipoona haya vya kutosha, akataja mchango. Haji akatafuta kiti.

"Naona ni mwingi," alisema Farzin kwa upole. "Mhandisi Ardalan hakuuona mwingi."

"Ardalan? Yule? Changu kiwe kikubwa kuliko chake!"

Mchana huohuo Mhandisi Ardalan aliambiwa kwamba Haji ametaka kikubwa.

Baada ya majuma machache mtaa ule uling'aa kama kikaango. Mpita njia angedhani amepotea akaingia mtaa wa mawalii. Mlango mmoja tu ulibaki mtupu, nao ulikuwa wa Bi Touran, mwenye nyumba wa Farzin.

"Bi Touran," Farzin alimwambia asubuhi moja juu ya mkate na jibini, "nawe jiondoe basi. Nitakupa kibao kwa mchango mdogo, kwa ajili ya ujirani."

"Nijiondoe niende wapi, mwanangu? Kabla ya posho hii, fedha ya nyama nilipewa na kaka yangu. Kila akitoa, anauliza. Nyama ya nini? Mbona ya paja? Mgeni gani huyo? Nilikula maswali kuliko nyama. Posho ni ndogo, najua. Lakini haina mdomo."

Farzin alitafuna polepole. Alimkumbuka mtu fulani wa Tehran ambaye hakutaka kumkumbuka mapema vile.

"Si wangepewa maskini peke yao?"

"Na huyo maskini atajulikanaje? Apange foleni na kanzu iliyochanika ili aaminike? Ikiwa ya wote, hakuna anayetazamwa. Haji naye apewe tu, mradi mimi nisipekuliwe." Akakung'uta makombo kwenye kitambaa. "Lakini sasa mmejaza vibao. Jana muuza mboga amenipimia vitunguu akitazama ukuta. Mke wa Ardalan kaniuliza, 'Mwenzetu bado wapokea?' Nimechoka. Alhamisi kwenye karamu ya Haji nitasimama nijiondoe mbele yao wote, ninyanyue uso."

Dhamiri ilimchoma Farzin, ikaendelea kumchoma kwa muda wa glasi nzima ya chai. Kisha akaukumbuka mkebe.

Michango yote aliifungia kwenye mkebe wa gazi wenye utepe mwekundu. Tuvue kofia zetu kwa hekima hii. Hakuna msafiri anayetoka Isfahan bila gazi, kwa hiyo hakuna mwizi wala askari anayeutazama mkebe huo mara mbili. Alhamisi mchana angekula karamu ambayo Haji aliiandaa kwa heshima ya Jumuiya, na kutoka pale moja kwa moja hadi basi la Tehran. Mkebe asingeuacha chumbani, maana Bi Touran alikuwa na tabia ya kufagia mpaka ndani ya mawazo ya mtu. Akautia kwapani.

Mlangoni alipokelewa na Mahin, mke wa Haji. "Jamani, mbona umejisumbua!" alisema, na kabla Farzin hajavua kiatu cha pili, mkebe ulikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo Farzin alipotambua kosa lake. Katika nchi ile yote hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumba ya watu na mkebe wa halua kisha akatoka nao. Akataka kupiga kelele. Lakini ulimi uliolelewa vizuri hausubiri akili.

"Si kitu mbele yako," ulimi ukasema.

Mkebe ukawekwa katikati ya ua, juu ya meza, kati ya matango na tikiti.

"Kijana ameleta gazi kwa mtengeneza gazi!" Haji alicheka. "Hebu tuone ni ya mshindani wangu yupi." Akanyoosha mkono kwenye utepe.

"Hotuba kwanza!" Farzin alipaa juu ya kiti. "Enyi mliokataa! Enyi mikono iliyosukuma pembeni..."

Bi Touran alikuwa ameshasimama. "Nami," alianza, "mbele yenu, nataka kusema kwamba posho yangu..."

Ting!

Farzin alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa tarehe. Ting! kwa Mhandisi. Ting, ting, ting! Ua mzima ukalia. Msibani walikuwa wanaume peke yao, lakini hapa walikuwapo wake zao.

"Haji," alisema Mahin, "nini hiyo inayolia mfukoni?"

"Ni... binti yetu, ananisalimu."

"Binti yetu yuko jikoni."

Macho yote yalimgeukia Farzin. Yeye alitazama mlango, akamwona Mhandisi Ardalan ameuziba. Alitazama mkebe. Akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, jambo ambalo kwa tapeli ni sawa na sala.

"Imelia!" alisema. "Na ilie! Nani amewaambia ni aibu? Jua likichomoza hupanga foleni? Mvua inauliza, wewe una shamba kiasi gani? Haji amepokea, Mhandisi amepokea, Bi Touran amepokea, na hakuna aliyemnyenyekea mwenzake. Mpe maskini peke yake, umempa mkate na fedheha. Tupe wote, umetupa mkate tu! Mtu mwenye chake kidogo, kisicho na masharti, anaweza kumwambia kaka yake..." Sauti ilimkwama, na kwa mara ya kwanza mwaka ule haikukwama kwa kusudi. "Anaweza kumwambia, asante, leo sihitaji."

Wakalia. Mhandisi Ardalan alipenga kamasi. Hakuna kilio kitamu kama cha mtu aliyefumaniwa kisha akasifiwa.

Bi Touran alifuta macho, akaenda mezani. "Maneno matamu hivi hayafuatwi na mdomo mtupu," alisema, akavuta utepe.

Kilichokuwamo hakikuwa gazi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hizi ni za nani?"

Majibu yalikuwa mawili. Angesema zangu, angeulizwa amezitoa wapi, na waliozitoa walikuwa wamesimama pale na visu vya matunda. Akachagua lile jingine.

"Zenu nyote," alisema, mkono kifuani. "Si kitu mbele yenu."

Akasubiri. Sasa mama atakataa. Atabembelezwa, atakataa tena, ataona haya, atamrudishia mkebe, na basi la Tehran halitamkosa abiria.

"Asante," alisema Bi Touran. "Tumepokea."

Akaanza kugawa, sawa kwa sawa, kwa kila aliyekuwa uani: mpishi, mpiga zeze, mke wa Ardalan, mtoto mchanga wa mpishi.

"Ngoja!" Haji alipayuka. "Mimi nilitoa kuliko wote! Nirudishiwe changu!"

"Chagua, Haji. Kwa kibao kilicho mlangoni pako, umekataa, hupati kitu. Kwa hotuba ya kijana huyu, unapata sawa na mtoto wa mpishi."

Haji alitazama mbingu, akatazama mlango wake, akatazama fedha. "Hotuba ilinigusa," alisema.

Muda si mrefu mtaa mzima ulisikika ukifungua skrubu za vibao.

Wa mwisho kupewa alikuwa Farzin. Bi Touran alimtia fungu lake kiganjani, sawa na la wote, na hakumuuliza hata swali moja. Fedha zilikuwa kidogo. Zilinyamaza.

Kwenye lango Haji alimkimbilia na mkebe mpya. "Gazi ya safari, mwanangu. Yenye pistachio."

"Kiasi gani, Haj Agha?"

"Astaghfirullah. Si kitu mbele yako."

Farzin alikuwa ametoka kufundishwa. "Asante," alisema. "Nimepokea." Akaondoka mbio, akimwacha Haji mdomo wazi.

Basi lilipoanza kuondoka, njaa ikamkamata, akafungua mkebe. Alipekua unga mpaka vidole vikagonga kitu kigumu. Akakivuta na kukikung'uta. Kilikuwa kibao kikubwa kuliko cha Ardalan, chenye maua pembeni.

Abiria wa jirani, mzee aliyevaa pete nne, aliinama kukisoma. "Nyumba hii imekataa," alisema kwa heshima. "Mashallah. Na sisi kwetu Tehran tunavipataje hivyo?"

Farzin alikipangusa unga kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayeona haya.

"Si kitu mbele yako," alisema.