Mbuni na Mwenye Miguu Mifupi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeendesha pikipiki kubwa kuliko zote mjini, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili nikipungia watu. Watoto wamenikimbilia hadi kona ya tatu!

Haya, nifute. Sijaiendesha. Imeletwa juu ya gari la mizigo, ikashushwa na vijana wa gereji huku wakiguna kama wanaoshusha kabati la bibi harusi. Nami nikapanda uani, injini imezimwa, nikatoa mngurumo kwa mdomo. Aliyenipungia ni mke wangu, na alikuwa anafukuza nzi.

Lakini ni kubwa! Kioo cha mbele kama dirisha la benki. Masanduku matatu. Redio. Gia ya kurudi nyuma, kama lori. Na kiti cha nyuma kina egemeo na mikono, tena ukibonyeza mahali kinapata joto. Aina yake ni Mbuni.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa pikipiki aina ya Fahali, kama wenzangu wote katika chama chetu cha safari. Ila mwezi uliopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu na mwenyekiti wa chama, alijinunulia Fahali mpya anayeng'aa, akamwegesha sako kwa bako na wangu mkongwe mbele za watu. Makusudi! Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikauza wangu, nikahamia kwa Mbuni.

Mke wangu nimemwambia nimebadilisha kwa ajili ya kiuno chake kinachomuuma. Uongo ulinitoka mtamu hata machozi yakanilengalenga.

Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. Safari fupi hiyo. Akasema, Baba Watoto, sikiliza na utege vizuri: mzigo huo ukiuangusha hata mara moja, ufunguo nauchukua, nampa kaka yangu auuze. Mara moja tu. Nikamjibu mimi na kuanguka ni mbingu na ardhi.

Jambo moja nililimeza. Nikikaa juu ya Mbuni, zinazogusa chini ni ncha za vidole tu. Mbuni ni ndege wa miguu mirefu. Mnunuzi, sivyo.

Jumanne, 5 Machi

Ameanguka.

Mke alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nikasema nimsogeze Mbuni kivulini tu, hatua chache. Akaanza kuegemea kushoto. Nikamwambia la. Akaendelea. Hakuanguka kwa kishindo, alilala kama mgonjwa anayelazwa kitandani, taratibu, kwa adabu, na daktari hana la kufanya.

Kumnyanyua! Nilivuta pembe za usukani, nikavuta kiti, nikaweka jeki ya gari, jeki ikazama udongoni. Nikamwita kila jina, la mwisho lilikuwa la mama mkwe. Hakutikisika. Nikamfunika turubai.

Mke akarudi, akauliza mbona pikipiki imekuwa fupi. Nikamweleza kwamba Fahali hulala amesimama, lakini hawa Mbuni hulazwa ubavu, mafuta yapate kuenea. Niliishia darasa la nne, ila leo ungedhani mimi ndiye mhandisi wa kiwanda. Akasema, alaa. Akaingia jikoni.

Mara shemeji huyoo, bila hodi. Amekuja kumwona huyo ndege. Nikamwambia yuko gereji, anakazwa nati. Akaketi kungoja chai, na alipoketi ni juu ya turubai! Akanitania saa nzima. Shemeji, msaliti mkubwa we, umeasi chama kwa sababu ya redio? Shemeji, hicho kidude kikikulalia tutakutambua kwa kofia tu. Mimi nacheka kwa meno. Akalalamika kuni zangu zina ncha, zinamchoma makalio. Nikamwambia ahamie kwenye kigoda. Akasema hapa panamtosha.

Alikuwa amekalia usukani.

Jumatano, 6 Machi

Mke alikwenda kliniki kukandwa kiuno. Nikaita vijana wa gereji, wakamsimamisha Mbuni kabla sijamaliza kuwaeleza namna ya kumsimamisha. Mkwaruzo mmoja ubavuni. Nimeuziba kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Rangi ya pikipiki ni kijani, ya kucha ni zambarau. Ukiwa mbali huoni, na mimi nitahakikisha watu wako mbali.

Nimefikiri kutwa. Kuendesha si tatizo. Tatizo ni kusimama. Kwa hiyo dawa ni mbili.

Ya kwanza: magodoro ya wageni, moja kila upande wa mahali pa kuegesha. Akilala, alale pazuri.

Ya pili: fundi viatu. Nimempelekea buti zangu, nikamtaka aongeze soli kwa mpira wa tairi. Akauliza niongezewe kiasi gani. Nikamwambia aongeze mpaka nimfikie shemeji begani. Akacheka hadi akakaribia kumeza msumari.

Ijumaa, 8 Machi

Safari ya kwanza! Buti mpya. Natembea kama mtu anayevuka mto.

Miguu imefika chini, alhamdulillahi. Lakini mguu uliofika chini haukubali kurudi kwenye gia. Soli ni nene, haiingii chini ya pedeli. Nimezunguka mtaa mzima kwa gia namba moja, injini inalia kama mbuzi aliyefungiwa. Mwenye baiskeli amenipita. Alikuwa amebeba kitanda.

La pili, baya zaidi. Kwenye Fahali, kitufe cha indiketa kilikuwa chini ya dole gumba la kushoto, tena kilikuwa kibishi, nilizoea kukibonyeza mara tatu ndipo kisikie. Kwenye Mbuni, mahali hapohapo pamekaa honi. Sasa kila nikikata kona, po, po, po! Kidole changu kimesoma darasa moja miaka yote, hakitaki kuhamishwa shule.

Njia panda palikuwa na askari wa kike wa barabarani, amesimamisha upande wetu. Nikataka kuashiria kushoto. Po, po, po! Akageuka polepole. Akauliza babu una haraka ya kwenda wapi, kaburini? Nikamwambia nilikuwa naashiria. Akasema unaashiria kwa mdomo au kwa taa. Watu wakaangua kicheko. Muda wote huo nimesimama kwa ncha za soli za tairi, mapaja yanatetemeka, naomba kimoyomoyo aniachie kabla Mbuni hajaanza kusinzia. Akaniachia. Nadhani aliniona nimepauka akahofia atanibeba yeye.

Nimefika nyumbani, nikamwangusha juu ya godoro. Kimya kabisa! Vijana wa gereji wakaja wakamsimamisha tena. Naomba ieleweke: godoro si ardhi. Mke alisema nikimwangusha chini.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa.

Kesho ni safari ya chama, na mke wangu ametangaza kwamba anakuja. Atapanda nyuma. Miaka mitano hajapanda, tangu kiuno kilipoanza. Nikamwambia kutakuwa na vumbi, atafunga kitambaa. Nikamwambia jua, atavaa miwani. Nikamwambia shemeji ataimba njiani. Akasema uimbaji wa kaka yake ameuzoea tangu tumboni mwa mama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nataka nikae hapo nyuma, hata mara moja tu.

Peke yangu tu siwezi kumzuia Mbuni asilale, itakuwaje na mke juu? Nikimwangusha yeye na kile kiuno, si ufunguo tu utakaochukuliwa. Nitahojiwa na ukoo mzima, na shemeji ndiye atakayefungua kikao.

Jioni shemeji alipita kusoma kanuni za msafara. Asiye na Fahali anakaa mwisho wa mstari. Akanitazama mimi. Mtu akianguka, aliye karibu naye apige honi tatu, na wote walio barabarani wasimame hapohapo bila kuuliza. Kanuni hiyo kaitunga mwenyewe na anaijivunia kama mtoto wa kwanza.

Mke aliuliza magodoro ya wageni yamekwenda wapi. Nimesema yanaota jua.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshika kalamu. Niandike kwa mpangilio.

Nilimwegesha Mbuni ubavuni mwa baraza, mguu wangu ukapata pa kukanyaga. Mke akapanda kama malkia anayeingia garini. Buti za tairi nimeziacha, bora niguse chini kidogo kuliko nisibadili gia kabisa. Nikabonyeza kile kiti kipate joto. Tukaondoka wa mwisho kwenye mstari, mbele yetu Fahali tupu, na shemeji kileleni kama jogoo.

Kona ya kwanza. Dole gumba likaenda kwake. Po, po, po!

Shemeji akanyoosha mkono juu. Msafara wote ukajitupa kando ya barabara na kusimama. Lakini mimi siwezi kusimama! Mke nyuma, ncha za vidole mbele, mteremko chini yetu. Nikawapita. Wote. Nikampita na mwenyekiti, kinywa wazi. Mke akawapungia.

Walipotambua hakuna aliyeanguka wakawasha tena, wakanifukuza. Kona ya pili: po, po, po! Kwenye kioo nikawaona wanasimama tena. Kanuni ni kanuni. Kona ya tatu, hivyohivyo. Barabara ile ina kona kama utumbo wa kuku. Naapa sikukusudia. Kona za mwishomwisho, labda kidogo.

Tukafika kituo cha kupumzikia sisi kwanza, hawaonekani hata kwa vumbi. Sasa nisimame vipi? Nikazunguka uwanja. Nikazunguka tena. Muuza chai akaanza kunihesabia. Mke anaimba na redio, akauliza mbona tunazunguka. Nikamwambia injini inapozwa. Nawaza nimlaze Mbuni upande upi ili mke asiumie. Nikachagua upande wangu, niwe mimi wa chini. Hilo nalo liandikwe, kwa kuwa hakuna atakayenisifu.

Ndipo shemeji akafika, ameiva kwa hasira, akaruka kutoka kwa Fahali wake, akanifuata akanikamata pembe ya usukani kwa mikono miwili apate kunifokea usoni vizuri. Mwendawazimu we! Msaliti! Utatuua! Aliposhika, Mbuni akasimama wima kama mlingoti. Nikamwambia endelea, shemeji, usiachie, una haki kabisa ya kukasirika. Akafoka mpaka mke aliposhuka na mimi nikateremsha stendi.

Mke akasimama. Akajinyoosha. Mkono haukwenda kiunoni.

Akanivuta kando. Akasema hajapata asubuhi isiyo na maumivu tangu mjukuu wa kwanza azaliwe, na leo ameipata kwenye kile kiti. Halafu akasema, taratibu tu, kwamba Jumanne alisahau kikapu, akarudi, akaniona penye upenyo wa lango nikimtukana mama yake mzazi. Na magodoro ameyaona. Na rangi yake ya kucha. Alikuwa ameshaamua kwamba leo jioni ufunguo uende kwa kaka yake. Alitaka tu akae mara moja kabla haijauzwa.

Uongo wangu wa Jumatatu umegeuka kweli bila idhini yangu. Nikaona aibu, upande mmoja.

Hukumu: Mbuni habanduki. Ufunguo unakaa kwake. Tunatoka wawili tu, na mahali pa kusimama kaka yake atakuwepo kushika. Siku nikitoka peke yangu, anauzwa kesho yake, bila kikao.

Nikaapa. Kwa moyo wangu wote nikaapa.

Jumanne, 12 Machi

Mke yuko kliniki. Alikwenda na mkoba mwingine, ufunguo ukabaki kwenye mkoba wa jana, na mimi nilikuwa natafuta miwani tu.

Nia ilikuwa nzuri. Nilitaka nipite mbele ya nyumba ya shemeji mara moja, nimsalimu. Kwenye kona nikajikumbusha: dole gumba, hapana, hiyo ni honi! Nikafurahi sana kwa kukumbuka. Nikaangalia kitufe cha indiketa kilipo. Nilipoinua macho, barabara ilikuwa imeshakata kona bila mimi.

Nimeketi ukingoni mwa mtaro. Mbuni amelala ndani, redio inaendelea kutangaza hali ya hewa. Mimi mzima, ila suruali. Kosa nimeshaligundua, nalo ni kwamba pikipiki hii ni ndogo. Kuna nyingine nimeiona gereji, ya magurudumu matatu, ndefu kuliko hii, haina hata haja ya miguu. Mke akiona kiti chake cha nyuma atanishukuru. Nitalipanga hilo nikitoka hapa.

Simu imekata chaji. Kuna mama mmoja anapita na ndoo, amekubali kuupeleka ukurasa huu, kwa hiyo nauchana.

Shemeji, salamu. Niko mtaroni, baada ya kinu cha kusaga. Dada yako atatoka kliniki muda si mrefu. Najua tumekosana. Lakini kumbuka, nyumbani kwenu wote mlikuwa mnamwogopa dada yako, mimi ndiye niliyekuja kumchukua, na sijawahi kudai fadhila. Leo nadai kidogo tu. Njoo na kamba, ushike pembe ya kushoto, na unifokee kama juzi.

Usimwambie.