Kompyuta Iliyolala Katikati ya Salamu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeonewa. Na nani? Na kompyuta yangu mwenyewe!

Asubuhi Eddo Saado, shangazi yangu, aliingia ofisini kwangu hapa Garissa, ninapotengeneza kompyuta, na kaseti moja, kaifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Ni barua ya sauti. Mumewe Abdirizak, dereva wa lori, aliirekodi Elwak wiki chache kabla ya ajali iliyomuua. Binti yao Sabirin alizaliwa baadaye. Hajawahi kusikia sauti ya babake. Jumamosi anaolewa, na Eddo anataka sauti hiyo iwe kwenye simu ya bibi harusi.

Nikasema: kazi ya saa moja! Nikaunganisha redio ya kaseti na kompyuta, nikabonyeza. Dakika ya ishirini, giza. Mashine imelala! Abdirizak kakatwa katikati ya salamu za majirani.

Faiza, anayefundisha kompyuta mlango wa pili, alichungulia akasema mashine zenye mfumo wa Linux, kama yangu, hulala zisipoguswa, ni mpangilio tu, atanionyesha. Kunionyesha! Mimi niliyefungua ofisi yeye akiwa bado darasa la sita! Nikamjibu tatizo ni joto.

Jumanne, 4 Februari

Kama inalala isipoguswa, itaguswa. (Hilo nililijua zamani. Sikulipata kwa Faiza.)

Nilikaa, nikawa nasukuma kipanya kushoto, kulia, kushoto. Abdirizak akisalimu. Feni ikivuma. Jua la Garissa juu ya bati. Kushoto. Kulia.

Nikaamshwa na Eddo. Alisimama mlangoni na chupa ya chai, akatutazama sote wawili, mimi na mashine, tumelala fofofo. Akauliza nani kamwambukiza mwenzake. Mbele ya wateja!

Jumatano, 5 Februari

Leo nilikuwa na akili kubwa. Feni yangu hugeuza shingo. Nikafunga uzi kwenye feni, ncha ya pili kwenye kipanya. Feni ikigeuka, kipanya kinatembea. Faiza akapita, akauliza tangu lini kipanya kinafungwa kamba kama mbuzi. Dakika ya ishirini ikapita. Ishirini na tano! Mashine bado iko macho!

Dakika ya ishirini na saba uzi ulijisokota. Feni ikavuta kipanya, waya wa kipanya ukavuta redio, redio ikaanguka sakafuni. Kaseti ikaruka nje. Utepe ukamwagika kama matumbo, kisha ukakatika.

Eddo alikuwa ameketi pale pale. Ningependa anitukane. Alipiga magoti, akaanza kuukusanya utepe kwa vidole viwili, polepole, asiukunje.

"Muse," akasema, "sauti yake bado iko?"

Nilisema iko. Sikujua. Uzi ule, naandika hapa, ulikuwa wa hali ya chini sana. Wauza nyuzi wa siku hizi hawana haya.

Alhamisi, 6 Februari

Faiza alikuja bila kuitwa. Na penseli na selotepu, tayari! Ina maana alikuwa akisubiri nianguke. Akaunga utepe, akauzungusha ndani kwa penseli. Kisha akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika neno refu kama msafara wa ngamia, systemd-inhibit, na baada yake jina la programu ya kurekodi. Akasema hivyo anaiagiza mashine isilale mpaka programu ile ifungwe.

Mstari mmoja! Siku tatu nimehangaika, na dawa ni mstari mmoja! Haukuniheshimu hata ukawa miwili.

Hatukugusa kitu. Nusu saa upande wa kwanza, nusu saa wa pili. Mashine haikusinzia. Pale utepe ulipokatika, kicheko cha Abdirizak kinaruka. Sekunde mbili. Hizo nimezipoteza mimi, na Eddo anajua.

Karibu na mwisho akasema: "Saado, akiwa msichana mwite Sabirin, yaani wenye subira. Kwa jinsi unavyonisubiri, jina hilo ni haki yenu."

Sabirin mwenyewe alikuwa mlangoni, hina mikononi, hawezi kujifuta uso. Eddo akamfuta kwa shuka yake. Faiza akageukia ukutani. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Jumamosi, 8 Februari

Harusi nzuri. Bibi harusi alimsikilizisha mumewe sauti ya babake kwenye simu. Watu wakauliza nani kaiokoa sauti. Nikanyanyua mkono. Wakampelekea Faiza sinia la kwanza la nyama! Mimi nikapata wali na mfupa. Nimewasamehe, lakini nimeandika.

Hata hivyo nimepata mteja pale pale. Jelle, mwalimu kutoka Kotile, ana kompyuta ya mkononi yenye ugonjwa wa kinyume: haitaki kulala kabisa, na betri inakwisha kabla ya somo la pili. Faiza akasikia, akasema ni mpangilio tu, atamwonyesha kwa dakika moja. Nikamkata kauli. Nikamwambia mwalimu asihangaike na wanafunzi wa juzi, aniachie mtaalamu.

Nimeshaanza kazi. Nimeifungia madirisha, nimeifunika blanketi, na sasa naisomea gazeti la wiki iliyopita kwa sauti ya chini. Ukurasa wa nne. Bado iko macho, lakini naona inaanza kulegea.