Vita vya Sughra na Kufuli ya Mashine ya Ubuyu

Siku ya Jumanne, theluji ya Machi ikiwa bado imelala juu ya magari ya Crescent Town, mtaa wetu wa huku ughaibuni, kaka yangu Mohamedtaki alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Tangu siku hiyo mashine yake ya pipi haikuwa na fundi.

Sogeeni basi, enyi mlioondoka Tanga na Bukavu mkapokewa na baridi, enyi wavaa soksi mbili mbili, mkae kitako mnisikilize. Maana nataka kusimulia, kabla sijasahau, jinsi Sughra binti Haider, mjane wa kaka yangu, mpika biriani asiyeonja, alivyopambana na kufuli ndogo kuliko kidole gumba.

Mashine yenyewe ilikuwa jitu la chuma chekundu, kichwa chake tufe la kioo, mdomo wake kijilango cha bati. Marehemu aliiokota mtaa wa Downsview, nyuma ya ghala, imeota kutu. Akaipiga msasa majuma mawili, akaipaka rangi, akaisimamisha mlangoni mwa imambara, ukumbi wetu wa ibada. Mtoto hutumbukiza sarafu, hugeuza kitasa, pipi zikadondoka. Lakini kaka yangu hakuridhika na pipi za dukani. Alisema mtoto asiyejua ubuyu hajui babu yake katoka wapi. Akaupika mwenyewe, mwekundu, wenye iliki na pilipili, na kwa haraka zake akaumwaga ndani ungali na unyevu. Mashine iliyoundwa kwa pipi kavu ikabanwa koo. Alipotaka kuifungua, ufunguo ukakatikia ndani ya kufuli.

“Nitaishughulikia kesho,” alisema. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Arobaini ilipokaribia, Sughra akaapa mbele yangu kwamba watu hawatatoka kwenye khitma ya mumewe bila kuuonja ubuyu wa mwisho wa mkono wake. Jitu likapandishwa juu ya meza ya jikoni, na kopo la biskuti, ghala la silaha la marehemu, likafunguliwa. Wakatoka koleo mwenye meno mabaya, tupa mla chuma, bisibisi wa mpini wa manjano, na mswaki mkongwe uliostaafu kazi ya kinywa.

Wa kwanza kuingia vitani alikuwa Évariste, jirani yetu wa mlango wa pili, simba wa Bukavu, keekee ya umeme mkononi.

“Mama Sughra! Leo hii kufuli itanijua. Ntaitoboa dakika mbili tu!”

“Na unga wa chuma utaangukia wapi, baba? Si kwenye ubuyu? Unataka kuwalisha waombolezaji misumari?”

“Basi tuvunje ile vitre. Tutapata ingine.”

Sughra akasimama, akatengeneza mtandio wake kama jemadari anayevaa ngao. “Évariste, mwana wa Bukavu, sikiliza. Nimeishi na mtu yule miaka arobaini na sita. Kavunja sahani zangu, kavunja chupa za chai tatu, kavunja na mguu wa kitanda. Kioo hiki hakukivunja. Wewe ndiye utakivunja?”

“Nimenyamaza, mama.”

“Hujanyamaza, bado unasema.”

Nikajitosa mimi, Asad, mdogo wa marehemu. Nikaushambulia ufunguo kwa koleo mara saba, na mara saba koleo likateleza, kwa kuwa hapakuwa na pa kushika. Nikarudi nyuma na jeraha kidoleni.

“Shemeji, hii ni damu ya ushujaa,” nikasema.

“Ya uzembe. Tia plasta.”

Kisha akainama, akaitazama kufuli kwa muda mrefu, kama anavyoitazama sufuria isiyotaka kuchemka.

“Kwa nini nyote mnataka kukitoa hiki kipande?” akauliza. “Meno yake yamo yote, yamekaa mahali pake. Kinachokosekana ni mkono wa kukizungusha tu.”

Akadondosha mafuta ya kulegeza kutu, akatunywesha chai yakipenya. Akamkamata bisibisi, akamnoa kwa tupa hadi ncha ikawa nyembamba kama ukucha. Akaiingiza. Akazungusha. Enyi wasikilizaji, mizinga ingeweza kulia tusingeisikia. Tulisikia kitu kimoja: tik.

Kifuniko kikanyanyuka, harufu ya iliki ikajaa jikoni.

Ubuyu ulikuwa umegandamana kuwa jabali moja jekundu. Sughra akaupasua taratibu kwa mchi, akaukausha siku mbili juu ya kipasha joto cha ukutani, wakati mimi nikilisugua gurudumu la ndani la kugawia pipi kwa maji ya moto, siki na ule mswaki mstaafu.

Siku ya arobaini, baada ya dua, Sughra akatumbukiza sarafu ya kwanza mbele ya umati. Zikadondoka punje tatu. Akala moja, akanipa moja, akampa Évariste moja, naye akamumunya akitoa machozi.

“Pilipili,” alijitetea.

“Sote tunajua pilipili,” alisema Sughra.

Na iandikwe kwamba siku hiyo kufuli ilishindwa, na kioo kilitoka vitani bila ufa.

Mashine iko mlangoni mwa imambara, karibu na rafu za viatu. Kufuli hatukubadilisha. Kipande cha ufunguo kimo bado, na kila Alhamisi Sughra huja na bisibisi ndani ya mkoba, akaifungua mashine na kuijaza ubuyu.