Pacha wa Matumbawe

Profesa hakuwahi kufundisha hata darasa moja, ila alikuwa na miwani na sauti ya taratibu. Alipopita mbele ya kliniki mpya ya meno akaona kuta zake nyeupe, tupu kabisa, aliwaonea huruma wagonjwa.

Siku ya tatu akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na picha nne za matumbawe, kila tawi limechorwa kwa wino na mtaalamu wa viumbe vya baharini, miaka mia mbili iliyopita. Kwa usahihi zaidi, zilitoka kwenye mashine ya kopi Jumanne, zikalowekwa kwenye chai ya rangi, zikakaushwa kwa pasi ya dada yake.

"Mgonjwa akitazama bahari, daktari, hata sindano haisikii."

Daktari alivutiwa. "Ngoja shangazi yangu azione. Amefundisha biolojia miaka thelathini."

Shangazi akatoka chumba cha nyuma na lenzi mkononi. Akakagua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne, akashusha pumzi. Profesa akaupima kwa jicho umbali wa kutoka hapo hadi mlangoni.

"Mwanangu, unajua unachouza?"

"Kiasi, mama."

"Hii ina pacha wake. Kuna mnunuzi wa vitu vya kale, juu ya duka la fremu, anatafuta jozi miaka yote. Moja haitaki hata bure. Zikiwa mbili, anakupa bei ya nyumba." Akamgeukia daktari. "Usinunue, tutakuwa tumemdhulumu."

"Na huyo pacha yuko wapi?" Profesa aliuliza.

Shangazi akajishika mdomo kama aliyeropoka. "Ninaye mimi. Ningeinunua hiyo yako, ila pensheni ya mwalimu unaijua."

Profesa akapiga hesabu ya haraka. Feki yake peke yake ingeweza kukamatwa. Ikilala ubavuni mwa picha halali, nani angeitilia shaka?

Walibembelezana saa nzima. Shangazi alipoaga picha yake, alitokwa na machozi kidogo. Profesa aliacha pikipiki, ufunguo na kofia yake ngumu, akaondoka kwa miguu, akimsikitikia bibi wa watu kwa kutoujua mji.

Juu ya duka la fremu alikuta mlango umefungwa na benchi lenye wanaume watatu nadhifu, kila mmoja na bahasha magotini. Wa dirishani akasogea.

"Keti, ndugu yangu. Na wewe una pacha?"

"Ninaye."

"Hebu tuone."

Wakafungua bahasha. Pacha yuleyule, mara nne.

"Umetoa nini?"

"Pikipiki."

"Mimi friji," alisema yule mtu. "Huyu katoa makochi. Yule wa pembeni hataki kusema."

Profesa akaketi, akaipangusa bahasha yake vumbi, akauliza mnunuzi hufungua saa ngapi.