Mshipa Wangu Kwenye Foleni ya Wajawazito

Jumatatu, 3 Machi
Mkono wa kulia umekufa ganzi tena. Mkasi umenidondoka mara tatu, ya tatu juu ya kiatu cha mteja. Nikasingizia jasho. Pindo, fundi mwenzangu wa cherehani ya dirishani, akacheka kwa pua. Mwenye jengo anamwozesha binti yake, na wiki ijayo atachagua fundi wa gauni. Pindo akijua vidole vyangu havihisi hata uzi, nimekwisha! Siri kabisa. Hata mke wangu simwambii. Anadhani naukung'uta mkono usiku kwa sababu ya ndoto mbaya.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali, kwa kunyatia. Daktari ni mama mfupi, mpole. Kanigonga kwenye kifundo cha mkono, nikaruka kama panzi. Kasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye njia nyembamba pale kifundoni. Atanichoma sindano ya steroidi kupunguza uvimbe, akiongozwa na altrasaundi. Altrasaundi, ile ya kutazamia mimba! Nikamkumbusha kwa heshima kwamba mimi ni mwanamume. Akajibu hilo ameshaliona.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni: wajawazito kumi na mmoja, na mimi. Mmoja wao nani? Mke wa Pindo! Akaniuliza, "Shemeji, vipi tena huku?" Ulimi ukaniponza. Nikasema namsubiri mke wangu. Akapiga kigelegele. Mke wangu ana miaka hamsini na miwili. Nikashukuru. Ningefanyaje?
Muuguzi akaita mgonjwa wa mkono. Nikainuka, nikatangaza kwamba naingia kumshika mke wangu mkono.
Ndani, maajabu. Daktari kanipaka kitu cha baridi, akanionyesha mshipa wangu kwenye kioo cha mashine: umebonyea kama lastiki kwenye pindo lililokazwa mno. Kisha sindano ikaingia kwa ulalo, mstari mweupe, taratibu, ikasimama kando tu ya mshipa bila kuugusa. Dawa ikatandazika, mshipa ukaachana na nyama iliyoubana. Miaka thelathini nashika sindano, nikijiona bingwa. Kumbe! Nilitaka kumpigia makofi, ila mkono mmoja alikuwa nao yeye.
Kasema nafuu huchukua siku kadhaa, tatizo laweza kurudi, na nisiuchoshe mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Habari mbaya haina breki. Asubuhi mama mkwe yuko mlangoni na kikapu cha nepi, machozi ya furaha yanamtiririka. Mke wangu akanitazama. Nikatubu yote, nimesimama katikati ya nepi. Akacheka hadi akakaa chini. Halafu akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikasema niliogopa ataona nimezeeka. Akaushika ule mkono, akasema, "Huu ndio ulionishonea gauni la harusi. Na mimi nina hisa humu." Mwanamke huyu!
Mama mkwe haniongeleshi. Nepi kazirudisha kwake, zote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelala usiku kucha! Kidole gumba kimehisi kifungo cha shati! Mwenye jengo kashindwa kuchagua, katugawia gauni: Pindo akate, mimi nitie nakshi. Nikamwomba binti siku chache za kuupumzisha mkono, akakubali. Mchana Pindo kanivuta pembeni, akakiri kwamba mkono wake wa kushoto una ganzi tangu mwaka jana. Mwaka mzima! Na anakata mstari ulionyooka kama rula. Fundi huyu ni fundi. Nikamweleza habari za daktari, nikimsifu mpaka koo likakauka.

Jumatano, 12 Machi
Ganzi karibu imekwisha. Jioni mke wangu kauliza daktari alisema nijihadhari na nini. Nikamwambia: vyombo. Kuosha vyombo ni marufuku, miezi mitatu. Kakubali bila neno! Ila kasema kesho ataenda kumshukuru daktari ana kwa ana. Nikamwambia daktari amesafiri. Nje ya nchi. Kikazi.
Hatajua. Atajuaje?