Safari Ishirini na Mbili

Ilikuwa mwaka 2018, kiangazi kikiwa kimekaza, ndipo halmashauri ilipotangaza gazetini mwendo mpya wa magari katika barabara ya mbele ya shule. Aliyesoma ni mwalimu mstaafu aitwaye Kamusi, kwenye benchi la kahawa, huku Gundi, fundi viatu, akiwa ameshikilia sindano hewani. Mjukuu wa Gundi alikuwa akivuka barabara ile kila asubuhi, na Gundi ndiye aliyeandika ombi la kupunguza mwendo.

"Zamani hamsini," alisoma Kamusi. "Sasa themanini."

"Soma tena, Mwalimu. Miwani yako ina ukungu."

"Miwani ni safi, Gundi. Ukungu uko halmashauri."

"Mimi niliomba thelathini."

"Wanasema walitandaza mipira ya kupimia mwendo barabarani siku tatu, wakapima madereva wanakwendaje. Mwendo wa wengi ndio umefanywa halali."

"Kwa hiyo wezi wakizidi, wizi unapewa leseni?"

"Huo ndio utaalamu wenyewe."

Gundi aligeuka polepole kumtazama Mshale, mwendesha pikipiki, ambaye ghafla alianza kuchunguza kitako cha kikombe chake.

"Mshale, ile mipira uliipita mara ngapi?"

"Mzee wangu, si wewe uliyesema tuwaonyeshe hatari ilivyo?"

"Nimeuliza mara ngapi."

"Ishirini na mbili. Tisini kila safari. Na wenzangu wa kituoni tukapokezana. Tulidhani watashtuka."

"Wameshtuka," alisema Kamusi, "wakaona hamsini inawachelewesha."

"Na nafasi ya rufaa je?" aliuliza Gundi.

Kamusi alirudi gazetini. "Mipira inarudi kupima upya Jumatatu, siku moja tu, kwa ajili ya sisi wabishi."

Gundi aliichoma soli kwa nguvu. "Basi mjukuu wangu anakudai safari ishirini na mbili, kijana."

Jumatatu, kengele ya shule ilipokaribia kulia, Gundi alisimama ukingoni mwa barabara, kiganja cha mtoto kikiwa ndani ya chake. Tangu alfajiri pikipiki za kituoni zilikuwa zikipita juu ya mipira, injini zimezimwa, kila mwenye yake akiikokota kwa miguu. Nyuma yao malori yalitambaa kwa honi na matusi.

Mshale alifika mbele yao, shati limemganda mgongoni.

"Ya ngapi hiyo?" aliuliza Gundi.

"Ya ishirini na mbili."

Gundi aliuachia mkono wa mtoto. Mtoto akavuka peke yake, bila kukimbia.

"Hatudaiani," alisema mzee.